Mikono ya Bwana Ngazi

Wabeba wagonjwa wenzake walimwita Bwana Ngazi, wala si kwa heshima. Lifti ya hospitali ipo, nzima kabisa, lakini yeye kila siku alipanda kwa miguu hadi ghorofa ya nne, awe na mafua au asiwe nayo. Kifua, mwenzake mwenye misuli ya kutunisha mbele ya kioo, alimcheka mpaka milango ya lifti ijifunge. Hata mama yake mzazi hakumwelewa.

"Mtu mzima unaparamia ngazi kama mbuzi!"

Alikuwa na miiko yake. Machela haikimbizwi, na kila ngazi zinapokata kona inawekwa chini, mikono inafutwa. Zamani alishuhudia mzee wa watu akiangushwa kwenye ngazi, siku lifti ilipogoma, kwa sababu ya viganja vyenye jasho. Tangu hapo hakutaka mjadala.

Basi mchana mmoja umeme ukakatika. Jenereta iliwasha chumba cha upasuaji huko juu, lifti ikabaki imenuna. Mapokezi kulikuwa na mjamzito, mtoto amelala vibaya, damu inatoka.

"Juu, sasa hivi!" mkunga alisema.

Bwana Ngazi aliposhika machela ndipo alipouona uso. Alikuwa mdogo wake wa kike, kitinda mimba wao, aliyeletwa na mama yao.

Alishika upande wa chini, ambako uzito wote huegemea. Kifua, upande wa juu, alianza kwa mbio.

"Polepole!"

Walifika kona ya kwanza, wakatua, wakafuta mikono. Ya pili vivyo hivyo. Kufika ya tatu Kifua alikuwa anahema, na mgonjwa alikuwa ameacha kulia. Kimya kile kilitisha kuliko kilio.

"Kimbia, mwanangu!" mama alipiga kelele nyuma yao.

Mwili wote wa Bwana Ngazi ulitaka kukimbia.

"Tua," akasema.

"Unafuta mikono na mwenzio anakufa? Una moyo wa jiwe wewe!" mama alimfokea.

Alijifuta kwenye suruali, akamgeukia Kifua. "Na wewe futa."

Wakainua. Hawajafika mbali, mguu wa Kifua ukakosa kidato, akapiga goti. Machela ikaserereka, uzito wote ukamjia Bwana Ngazi. Miguu ilitetemeka lakini haikurudi nyuma, na vile viganja vikavu havikuachia. Kifua akainuka, wakasonga, mlango wa upasuaji ukawapokea.

Kesho yake umeme ulikuwa umerudi. Mama alikuja na chupa ya chai kumtazama binti yake na kichanga. Bwana Ngazi akambonyezea lifti, milango ikafunguka.

Mama hakuingia. Alishika njia ya ngazi, mwanawe akamfuata. Kwenye kona ya kwanza mama aliweka chupa chini, akafuta viganja kwenye gauni lake, akaiokota tena.

"Twende," akasema.