Jicho la Pili Kwenye Kigae cha Damu

Nakumbuka mchana mmoja wa miaka ya themanini, mwanangu, wanaume wa kijiji cha Ihembe walipoingia hospitalini kwetu mbio, machela mabegani, jasho likiwatiririka. Juu ya machela alilala Kokugonza, aliyejifungua nyumbani alfajiri na damu ikakataa kukatika. Mimi nilikuwa muuguzi kijana, nimetoka chuoni juzijuzi, na majivuno hayakunipungukia.

Hospitali yetu ilikuwa na kanuni moja iliyowaudhi wengi. Tulipima damu palepale wodini, juu ya kigae cheupe, kuona kama ya mtoaji inapatana na ya mgonjwa. Lakini Mzee Kamugisha, msimamizi wa maabara, hakumruhusu yeyote kusoma jibu mpaka amtazame kwa macho yake akipima, tena na tena, hadi aridhike. Cheti kwake kilikuwa ruhusa ya kujifunza tu, na mimi alikuwa hajaniridhia. Siku hiyo alikwenda Chonyonyo kuwakagua wapimaji wa zahanati, nafasi yake akamwachia Sista Adela. Naye Sista alikuwa chumba cha uzazi akimzalisha mwingine.

Kaka yake Kokugonza alijitolea. Nikamtoa damu kidogo, nikachanganya matone, nikatikisa kigae. Nikaona laini kabisa, bila vipunje, yaani damu zinapatana. Nikamtuma mhudumu amwite Sista.

"Dada, si umeona inafaa?" Yohana, mumewe Kokugonza, akanishika mkono. "Mwekee! Ngoja ngoja huumiza matumbo!"

"Sina ruhusa ya kusoma, shemeji. Namngoja Sista."

"Na akifa?"

Dripu ya maji nilikwisha kuitundika, na zaidi ya hapo sikuwa na la kufanya. Midomo ya yule mama ilikuwa imepauka, na moyo wangu ulitaka sana kumwambia Yohana ndiyo.

Hapo akasema mzee aliyewaongoza wabeba machela.

"Yohana, mwache binti. Leo kule mteremkoni nilikukataza kushika machela upande wa mbele. Nguvu unazo, na mgonjwa ni mkeo. Lakini hatujakuona bado ukibeba mbele, na mteremko haujali unampenda kiasi gani."

Yohana akaniachia.

Sista akaja, mikono ingali mibichi. Akakiinamisha kigae taratibu penye mwanga wa dirisha, akasubiri, akakiinamisha tena. Vipunje vyekundu vikaanza kujikusanya. Damu zile zilikuwa zinakataana. Ningemwekea ningemuua, tena ningemuua kwa nia njema kabisa. Wakapimwa wabebaji, ya mmoja wao ikakubali, na kabla ya giza Kokugonza akaomba uji.

Mzee Kamugisha aliporudi na kuelezwa yote na Sista, hakunisifu hata kidogo. "Ulitikisa ukaacha mapema," akasema. "Kesho tunaanza upya." Niliudhika, lakini nilikwenda.

Sasa wewe umepewa kuwasimamia wapimaji wa wodini. Vipimo vya siku hizi ni vidogo, vyepesi kushika, na ndiyo maana kila mtu anajiona anaviweza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: soma kwanza wewe, upime wewe, ndipo usimamie. Ambaye hujamtazama asipime, hata akiwa daktari, hata akiwa mtoto wa dada yako. Ukisafiri, kila mtu ajue nani ameshika nafasi yako, naye awe anaiweza kweli, si rafiki yako wa chai. Na uliyemruhusu mwaka jana mtazame tena mwaka huu, maana mkono husahau. Watakuita mkorofi, najua, mimi wameniita hivyo mpaka nimestaafu. Usirudi nyuma. Afadhali ugombane na mume wa mgonjwa leo kuliko kumpa pole kesho akiwa mgane.

Mungu akujalie jicho kali na moyo usioyumba, na kila mama atakayepita mikononi mwako arudi kwake akinyonyesha.