Tufe Lililorudi na Ziada

Wanafunzi walimwita Bi Kanuni, na jina likamkaa kana kwamba alizaliwa nalo. Kila mwaka somo likifika kwenye uhifadhi wa nishati, alilifunga tufe zito la chuma, lile la kurusha michezoni, kwa kamba, akalining'iniza kwenye boriti ya maabara. Kisha aliegemeza kisogo ukutani, akalivuta tufe mpaka likagusa kidevu, akaliachia. Lilikwenda zake, likarudi mbio, darasa zima roho mkononi, nalo likaishia kidogo tu mbele ya kidevu. Yeye hata kope hazikumcheza. "Ukiliachia bila kulisukuma," alisema, "haliwezi kupita pale lilipotoka. Nguvu hiyo litaitoa wapi?"

Mwaka huo wakaguzi walikuja kumchagua mkuu wa idara ya sayansi, na waliobaki kwenye mchujo walikuwa wawili: yeye na mdogo wake wa kiume, mwalimu wa hisabati. Dada mtu ndiye aliyemlea mdogo huyo, akamfundisha hesabu kwenye meza ya jikoni tangu hajui kufunga kamba za viatu. Watu walimuuliza kama haoni tabu kushindana na damu yake, akacheka. Cheo kikibaki nyumbani, kuna ubaya gani?

Siku yenyewe mkono wake wa kulia ulikuwa na bandeji, ameungua mvuke wa sufuria. Akamwita mdogo wake mbele ya wakaguzi na darasa.

"Nishikie tufe hapa kidevuni, halafu liachie. Usilisukume."

"Dada, mimi ni wa kuambiwa hilo?"

Akaegemea ukuta, akatulia. Tufe likaenda, likarudi, likampasua mdomo.

Maabara ikapigwa na butwaa. Mkaguzi mmoja, bila haya, akainama kuficha kicheko. "Pole, Dada," mdogo mtu akasema, leso tayari mkononi. "Labda ulisogea mbele."

Asogee wapi, na kisogo kiko ukutani? Hapo ndipo moyo ulipomvunjika, na ukavunjika kweli. Kanuni aliyoifundisha miaka yote ndiyo iliyomchongea mdogo wake: ile ziada ilitoka kwenye kiganja cha mtu, na kiganja kilichoshika tufe kilikuwa kimoja. Alijifuta damu.

"Basi simama wewe. Nitaachia mimi, mkono wa kushoto unatosha."

Mbele ya macho yote yale, angekataaje? Akaegemea ukuta. Dada yake akalishika tufe kidevuni pake, akafungua vidole, basi. Tufe lilipogeuka tu kurudi, bwana huyo aliyeijua kanuni tangu utotoni akaruka pembeni, akaangusha kiti. Tufe likafika pale kidevu kilipokuwa, pungufu kidogo, likarudi zake.

Msichana wa dawati la mbele akauliza taratibu, "Mwalimu, mbona amekimbia?"

"Alidhani nimelisukuma," akajibu Bi Kanuni. Akamgeukia mdogo wake. "Kweli, mdogo wangu? Ulidhani na mimi ningekufanyia hivyo?"