Pigo la Tano Nililolifuta

Jambo hili ni aibu yangu mwenyewe, na naona bora mlisikie kwangu kabla hamjalisikia kwa Bibi, ambaye kila akilisimulia hulitia chumvi.

Tasnifu yangu ya uzamili inahusu maisha ya mtunzi mmoja wa Flandria, huko Ubelgiji, aliyeanza kwa kupiga kinanda kanisani akaishia kuongoza okestra kubwa za Ulaya, na ambaye ujanani alifika Sur, kwetu Oman, akamrekodi Bibi akiimba huku anashona kofia. Wimbo ule, alioupangia okestra, ndio uliomtoa. Mwaka huu alikuja Nizwa kuuongoza, akaahidi kunipa shajara zake (bila shajara sina sura ya tatu, na bila sura ya tatu sina shahada), mradi nimnakilie karatasi za wapigaji.

Katika kunakili nikaona kila hatua ya wimbo ina mapigo manne, isipokuwa moja yenye matano. Nikalitafakari siku mbili, nikakata shauri kwamba mzee kakosea, nikalifuta pigo la tano katika karatasi zote thelathini, kwa heshima zote, bila ya kumwambia.

Siku ya mazoezi, mbele ya wageni, yeye akaongoza matano, wao wakapiga manne, muziki ukaporomoka kama kabati la sufuria. Akarudia; ukaporomoka tena. Akamwambia mpiga ngoma, kijana wa Ibra, kwamba kama hajui kuhesabu apumzike, na mimi niliyejua kila kitu nikainama kufunga kamba za viatu (nilikuwa nimevaa makubadhi).

Ndipo Bibi, kiti cha mbele, akasema: “Mbona hapo wananikimbiza? Hapo nilikuwa nakata uzi kwa meno.”

Mzee akataka kujua bibi huyu kasema nini, na mfasiri nilikuwa mimi. Nikafasiri. Akaifungua karatasi ya ngoma, akaitazama.

“Uzi ule nimeutunza tangu ujana wangu,” akasema. “Nani kaufuta?”

Nikanyoosha kidole kama mtoto wa chuo cha Kurani, nikamwomba radhi mpiga ngoma kwanza.

“Njoo ukae hapa, mjukuu wangu,” Bibi akaniambia, “uandike upya.”

Shajara nilizipata, baada ya karatasi zote kukaguliwa na Bibi, asiyejua noti hata moja: okestra ilipiga, naye akakata uzi kwa meno pale pale penye pigo la tano. Tangu siku hiyo kifutio changu kinakaa ndani ya kopo lake la sindano, na nikikihitaji lazima kwanza nimweleze nataka kufuta nini.