Joto kwa Baba, Baridi kwa Kompyuta

Mtu yeyote atakayekwambia kwamba kompyuta haiwezi kuchemka Sumbawanga kwa sababu ya baridi yetu, mlete kwangu. Hata fundi wa Dar es Salaam aliyeniuzia alinicheka kwenye simu. "Huko kwenu si mnalala na makoti? Itachemkaje?" Nilimkatia simu, maana wakati huohuo mashine ilikuwa imejizima tena mbele ya baba, na baba ananitazama kama mwizi.

Ilikuwa miaka ile mitumba ilipoacha kuwa nguo na viatu tu. Friji, redio, sasa hadi kompyuta zilizochoka za Ulaya zikawa zinapanda basi kuja Ufipa. Yangu niliinunua kwa ajili ya gemu, sitafuti kisingizio. Kisha baba akapata kiharusi. Alikuwa dereva wa lori la mahindi, njia ya Mwimbi, na upande wake wote wa kulia ukalala. Hospitalini walituambia mkono usipofanyishwa kazi mapema, utakakamaa moja kwa moja. Tukampa mpira wa kuminya; akautupa kwa mkono wa kushoto. Nikamwekea gemu la magari. Vitufe vya mishale vya kuongozea gari viko upande wa kulia wa kibodi, na baba, aliyekataa mpira wa mtoto, akauburuta mwenyewe ule mkono mpaka kwenye mishale. Kidole kimoja kikacheza. Tangu hapo kompyuta haikuwa yangu tena.

Na hapo ndipo adha ilipoanza. Baba alisikia baridi muda wote. Mtaani kwetu Chanji, wakati wa kipupwe, upepo unapenya hata tofali. Kwa hiyo madirisha yafungwe, blanketi magotini, na jiko la mkaa liwekwe miguuni pake, yaani ubavuni mwa sipiyu, lile sanduku lenye mitambo yote. Mimi navuta jiko huku, mama analirudisha kule. Nafungua dirisha, mama anafunga.

"Unataka kumuua baba yako kwa sababu ya bati hilo?"

Mama hakuishia hapo. Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi sebuleni. Redio ina kitambaa chake cha kufuma, makochi yana vyao, hata chupa ya chai. Siku moja nikarudi kutoka sokoni nikakuta sipiyu imevalishwa gauni: kitambaa cheupe chenye maua, kimefumwa kwa kipimo, kinashuka mpaka chini na kuziba matundu yote ya hewa. Nilitaka kulia. Nikamweleza mama kwamba pale nyuma ndipo mashine inapopumulia. "Mbona redio haijalalamika?" akauliza. Nikivua, anavisha. Wageni wakija kumjulia hali baba, shikamoo haijaitikiwa vizuri macho yao yameshafika kwenye kitambaa, wanamsifu mama, na mama ananitazama mimi.

Feni nayo haikuwa na adabu. Kwa joto lile ilinguruma kama mashine ya kusaga, na kelele zilimuumiza baba kichwa. Nikafungua sanduku, nikatoa vumbi la kujaza kopo, nikaitilia feni tone la mafuta ya cherehani. Ikanyamaza siku chache, ikaanza tena. Nikapunguza mzunguko wa feni. Sanduku likawa la kuokea mkate. Nikapunguza spidi ya prosesa, ule ubongo wa mashine. Gari la baba likaanza kwenda kwa kushtukashtuka, akasema dizeli ina maji, akasusa. Alisusa siku nzima, mkono umelala pajani, na niliona kabisa tunakoelekea.

Ikabidi niipunguzie mashine mzigo bila kugusa mwendo. Nikaingia kwenye mipangilio ya gemu, nikaondoa vivuli, nikaondoa mvua, nikaondoa miti na watazamaji wa kando ya barabara. Gari likateleza, feni ikatulia, nikajiona bingwa. Baba akaendesha kidogo, kisha akasimamisha gari katikati ya mashindano.

"Watu wameenda wapi?"

"Nimewatoa, baba, mashine ipumue."

"Na miti?"

"Na miti pia."

"Rudisha. Mimi sikuwahi kuendesha jangwani."

Nikarudisha. Ningefanyaje?

Jumapili moja baada ya misa, baba alikuwa anaongoza mashindano kwenye gemu. Hakuwa amewahi kuongoza hata mara moja. Jiko lipo palepale, madirisha yamefungwa, kitambaa kimekunjwa nusu, maana huko ndiko mapatano yangu na mama yalikofikia. Nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nikagusa sanduku, nikaondoa mkono upesi. Nilijua kikiungua kitu humo ndani, Sumbawanga nzima sitapata cha kubadilisha.

"Baba, tuizime kidogo."

Hakusikia, au alijifanya. Harufu ikazidi. Nikachomoa waya ukutani.

Baba aliiangalia skrini nyeusi, akanigeukia, akanizaba kibao.

Hakikuwa kizito, lakini nilitoka nje kwa hasira. Mtu mzima na ndevu zangu, napigwa kwa sababu ya gari ambalo halipo! Niliyatapika yote pale uani, majirani wakisikia: jiko, madirisha, kitambaa, feni, miti. Nikaapa kwamba naiuza kesho, kila mtu abaki na baridi yake. Mama akanifuata. Nilidhani anakuja kunikaripia.

"Amekupiga kwa mkono upi?"

"Mama, hilo nalo ni swali?"

"Nijibu. Mkono upi?"

Nikashika shavu. Lililokuwa linawaka ni la kushoto, na baba alikuwa amenikabili uso kwa uso.

Mama aliutoa mkono wangu, akalitazama lile shavu kwa karibu, akapitisha kidole kwenye alama za vidole vya baba, moja baada ya nyingine. Kisha akafunika uso kwa khanga, mabega yanamtikisika.

"Rudi ndani," alisema humo ndani ya khanga, "ukamwashie."