Belo Halichunguliwi

Siku tumbo la Mangi Rogath lilipovimba, alikuwa juu ya belo la majaketi ya mtumba pale soko la Mchikichini, kisu mkononi, wateja wamemzunguka. Kufungua belo kwake ni sherehe. Anakata kamba moja, anatania, anakata nyingine, watu wanasukumana, maana anayewahi ndiye anayepata nguo safi. Meza yangu ya viatu iko ubavuni mwa meza yake miaka mingi, na sijaona akimruhusu mtu kupenyeza hata kidole kabla ya kamba ya mwisho. "Belo halichunguliwi," husema. Zamani alinunua moja kwa kuchungulia kitundu. Juu majaketi ya ngozi, chini matambara matupu! Tangu hapo hana imani na kitundu chochote.

Basi kisu kikamdondoka, akajikunja. Tumbo gumu kama ngoma, choo hakuna, upepo hautoki. Nilijua habari za mdogo wake Ansbert. Naye alivimba vivyo hivyo kule Kilimanjaro, wakangojea lipungue lenyewe, na alipofikishwa hospitali utumbo ulikuwa umeshaoza, akafa. Nikapiga kelele kama kichaa mpaka bajaji ikapatikana. Mkewe Joyceline alikuwa ametangulia mlimani kumwuguza mama mkwe, kwa hiyo msimamizi wa mgonjwa nikawa mimi, Maimuna wa Lindi, mwanamke nisiyejua kunyamaza.

Hospitali wakapitisha mpira kwa njia ya haja kubwa, upepo ukatoka, tumbo likanywea. Nikashangilia mapema. Daktari wa upasuaji, binti wa miwani anayeitwa Sofia, akanivunja nguvu. Utumbo mpana wa Mangi ulikuwa mrefu kupita kiasi, ulikuwa umejipinda, na ukiachwa ungejipinda tena.

"Hicho kipande lazima tukitoe, mzee," alisema baada ya kumwamkia. "Njia ni mbili. Tupasue tumbo hapa katikati, au tuingie kwa matundu madogo na kamera."

"Pasua," Mangi akajibu papo hapo. "Fungua lote uone kila kitu. Mambo ya kuchungulia mimi sitaki, aisee."

"Ndani kazi ni ileile. Tofauti ni mlango. Mshono mrefu huuma zaidi, na kupona kwake huchukua muda. Wa matundu wengi huinuka mapema, ila kwenye chumba cha upasuaji tunakaa zaidi. Na nikikuta ndani pagumu, nitafungua. Sitabahatisha."

"Na safari ya Krismasi?" nikadakia.

"Akipasuliwa wazi, mimi simruhusu kukaa kwenye basi kutwa nzima. Kwa matundu, mambo yakienda vizuri, inawezekana."

Lo! Kila Desemba Wachagga hupanda mlimani, na sisi huwatania kwamba wanaenda kuhesabiwa. Kwa Mangi huo si utani. Mama yake, ambaye macho yameshamfifia, hukaa mlangoni asubuhi ya Krismasi akiwaita wanawe mmoja mmoja, na kila mtu huitika "Nipo." Hata marehemu Ansbert bibi bado humwita, kisha husubiri kidogo kabla ya jina linalofuata. Rogath asipoitika, nani atamshawishi bibi yule kwamba hafichwi msiba?

Lakini Mangi alikuwa tayari kukosa hata hilo. "Bora nichelewe kwa mama kuliko kumwachia kaburi la pili," akaniambia, machozi yakimlenga.

Daktari hakubishana. Akaleta tableti yake yenye video ya mgonjwa aliyeruhusu ionyeshwe watu. Jamani! Utumbo unang'aa, kamera inazunguka nyuma yake, inapanda chini ya ini, inashuka mpaka uvungu wa nyonga, na kila kitu kinaonekana kikubwa. Mangi akainuka kitandani.

"Rudisha hapo. Ile kona." Daktari akarudisha. Mangi akatazama mpaka pua ikagusa kioo. "Sasa huku si kuchungulia," akasema. "Huyu kaingia mwenyewe ndani ya belo na tochi!"

"Ndiyo kazi yenyewe, mzee."

"Basi niingieni."

Wakamwingia. Walitoboa vitundu vinne, kimoja wakakirefusha kidogo ili kipande cha utumbo kipite, na hapakuwa na haja ya kufungua zaidi. Daktari akatuambia sasa tusubiri mgonjwa atoe upepo, ndipo tutajua utumbo umeamka. Nikapeleka habari sokoni, na Mchikichini nzima ikawa inasubiri ushuzi wa mtu mmoja! Simu haziishi: "Vipi, tayari?" Mangi, mzee wa kanisa, akawa haniangalii usoni kwa aibu. Mpaka nilipokuwa namkorogea uji, ukatoka, tena si wa kunong'ona. "Alhamdulillahi!" nikapaza sauti, wodi ikapiga makofi, naye akajifunika shuka akicheka huku ameshika tumbo.

Matundu madogo nayo yana udanganyifu wake. Alipokuja sokoni kusalimia, mwepesi, shati limechomekwa, alisahau kabisa kwamba amekatazwa kubeba kizito. Nikamwona anainamia belo. Nikakimbia nikalikalia.

"Toka kwenye mzigo wangu, dada Maimuna!"

"Sitoki! Nje umepona, ndani hujapona. Si wewe unayesema belo halichunguliwi?"

Akaondoka amenuna. Krismasi ilipokaribia, daktari akamkagua, akampa ruhusa, na Mangi akapanda basi la kwenda mlimani.

Asubuhi ya Krismasi soko lilikuwa limepoa, nimefungua meza peke yangu na wateja wawili watatu. Simu ikaita. Mangi hakunisalimia, aliiacha simu wazi nisikie. Nilisikia majogoo, vikombe, halafu sauti ya bibi ikiita majina. Ikaita, "Ansbert?" Pakawa kimya, hata majogoo sikuyasikia. Kisha, polepole, kama anayeogopa jibu: "Rogath?"

"Nipo, mama! Nipo!"

"Yupo, mama!" nikapiga kelele katikati ya Mchikichini, nikilia. "Yupo kweli! Mshike umwone!"