Bega la Nsekanabo

Nsekanabo alikuwa mtu wa watu. Mlimani kwetu mgonjwa akizidiwa, wanaume wa chama cha machela huitwa, nao humbeba mabegani mpaka hospitali. Hakuna aliyewahi kumtangulia Nsekanabo kufika. Kuezeka nyumba ya mjane yumo, kuchimba kaburi yumo. Kuitwa na wenzake kulimshibisha kuliko maharage.

Aprili ya mwaka tisini na nne wanaume walewale waliitana kwenda kuwaua majirani zao Watutsi. Nsekanabo akatoka na panga, kama alivyotoka siku zote. Siku hiyo walimuua Rubayiza, mwanachama mwenzao, aliyekuwa akishika naye miti ya mbele ya machela.

Miaka baadaye, kwenye gacaca, baraza la wanakijiji la kuhukumu mauaji yale, alisema, "Tulilazimishwa." Alifungwa, akatoka, na chama kikampokea. Akawa mtu wa raha tena, na viazi vyake na mbuzi wawili. Sisi watu wa milima hii hatuna haya. Mtu akiwa na bega zuri tunasahau upesi.

Asubuhi moja mjane wa Rubayiza, mama Dative, aliteleza shambani akavunjika nyonga. Wengi walikuwa wamekwenda sokoni, kwa hiyo wabebaji walipatikana wanne tu, Nsekanabo akiwemo.

"Huyu hanibebi mpaka anijibu," mama Dative akasema.

"Mama, tutajibizana hospitali," akasema Sekamana, mkubwa wa chama. "Unaumia."

"Ninayeumia ni mimi, wewe tulia. Nsekanabo, siku ile ungebaki nyumbani kwako, wangekufanya nini? Na usiniambie mlilazimishwa, hiyo nilishaisikia."

Nsekanabo aliwatazama wenzake, nao wakatazama chini. Akisema kweli, anawavua nguo wote, na huenda wasimwite tena. Kuliko kutoitwa, aliona heri jela. Lakini mama yule alikuwa akitetemeka kwa maumivu, na bado alimkodolea macho.

"Faini," akasema. "Asiyetoka alitozwa mtungi wa pombe ya ndizi."

"Mmoja?"

"Mmoja, mama."

Sekamana akakohoa.

"Tulikuwa nayo minne ndani, ya harusi ya mdogo wangu," mama Dative akasema. "Ungekuja kuomba, Rubayiza angekupa. Haya, shika upande wako. Nyonga inauma."