Nilivyoitwa mwizi wa gesi na mzee wetu wa Kikongo huku Stockholm

Wakuu, natumaini mko salama, walioko kazini na walioko bado kitandani.

Nataka kuwasimulia jambo lililonipata majira ya baridi yaliyopita. Sitaongeza chumvi. Majina nimebadilisha, na mwenye kisa chenyewe nilimuomba ruhusa, akaniambia andika. Mkifika mwisho mtaelewa kwa nini alikubali.

Mimi ni Mkenya. Nilikuja Sweden kusoma, masomo yakaisha, nikabaki. Naishi Hallonbergen na mke wangu, na kazi yangu ni kuendesha lori la gesi.

Si hii mitungi ya kupikia mnayoijua. Lori langu lina tangi kubwa na mpira mrefu. Nazunguka mashambani nje ya Stockholm kuwajazia watu wanaopasha nyumba zao joto kwa gesi.

Nieleze kidogo kwa walio nyumbani. Huku mjini joto la fleti huwa ndani ya kodi, hata hulifikirii. Nyumba ya porini inajitegemea. Wengine wana kuni, wengine umeme, na wachache wana tangi la gesi uani. Ndani kuna boiler inayochoma ile gesi na kuchemsha maji yanayozunguka kwenye radieta za vyumba vyote, vile vyuma vya ukutani vinavyotoa joto. Baridi ikikaza, boiler haipumziki, na gesi ni ghali jamani. Nimeona watu wazima wakisoma risiti yangu wakakaa chini kwenye theluji.

Sasa, kati ya wateja wangu kulikuwa na wazee wawili kutoka Bukavu, Kongo. Nitawaita Papa Amani na Mama Amani.

Waliishi Fittja, hapa hapa Stockholm, miaka mingi kwenye fleti ya vyumba vitatu. Watoto walipohama, Papa akasema amechoka kusikia nyayo za watu juu ya kichwa chake, anataka ardhi. Wakanunua nyumba ya mbao msituni, mbele kabisa ya Jordbro, ambako yeye anafanya kazi ghalani. Bei ilikuwa nafuu mno. Hakuuliza kwa nini. Sababu ilikuwa lile tangi uani.

Nilipowapelekea gesi mara ya kwanza Papa alinisikia naongea na simu kwa Kiswahili. Alinikumbatia na koti langu lenye mafuta. Mama akaleta chai na maandazi. Tangu siku ile sikuondoka pale bila kula kitu. Wakawa wananiita mwanangu.

Januari mambo yakabadilika.

Gesi ambayo ingewatosha mwezi mzima ilianza kuisha kwa wiki mbili na siku kidogo. Papa akaanza kupunguza. Akazima radieta za vyumba vya juu, akawa anavaa kofia mezani. Bado gesi inakwisha.

Siku moja nimemaliza kujaza, akaja akasimama karibu na lori akiwa na daftari mkononi.

"Mwanangu, niko nakuuliza bila kasirani. Hii gaz unaijazaka yote, ama ingine inabakiaka mu camion?"

Yaani ingine inabaki kwenye lori. Nilicheka, nikidhani anatania. Hakucheka.

Nikamwonyesha mita ya lori na risiti inayojichapa yenyewe. Akaangalia, akafunga daftari, akaingia ndani. Chai sikuletewa.

Wiki iliyofuata akaandika malalamiko ofisini kwetu. Kampuni ikapima mita yangu, ikakuta iko sawa. Ikatuma fundi kutafuta kama tangi linavuja. Halivuji. Boiler nayo nzima.

Sasa fikirieni wakuu. Mita sawa, tangi sawa, boiler sawa. Amebaki nani? Dereva.

Kilichoniuma zaidi hakikuwa ofisi. Tunasali kanisa moja, ibada yetu ya Kiswahili, watu wa Kenya, Kongo, Burundi, sote pamoja. Jumapili moja nikaona watu niliozoea kusalimiana nao wanaangalia simu zao nikipita. Dada mmoja akamnong'oneza mke wangu kwamba Papa Amani anasema Mkenya wa gesi anawaibia wazee.

Mke wangu alilia ndani ya treni mpaka tunafika nyumbani.

Katikati ya Februari nilikuwa na mzigo kwa Mswidi mmoja anayeishi nyumba ya pili kutoka kwa wazee wangu. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali lisilo na joto, baridi digrii kumi na mbili chini ya sifuri. Wakati napita kwa Papa nikatupa jicho.

Madirisha yote ya chini yalikuwa wazi. Mapazia yamepeperuka nje, yamekauka kama mbao kwa baridi. Na kule nyuma bomba la boiler linatoa mvuke mwingi kuliko nilivyowahi kuona. Boiler ilikuwa inajaribu kupasha joto msitu mzima.

Nilisimamisha lori. Nilidhani kuna mtu ameanguka ndani.

Mama Amani alikuwa jikoni, amekaa kwenye kiti karibu na dirisha lililo wazi, amevaa makoti mawili na blanketi mabegani. Aliponiona alishtuka kama mtoto aliyekutwa kwenye sukari. Akainuka kufunga, nikamsaidia.

"Mama, kuna nini?"

"Usimwambie Papa. Nakuomba sana."

Akarudi kwenye kiti. Halafu akaniambia, akiangalia meza.

Alipokuwa msichana Bukavu, alikuwa analala chumba kimoja na mdogo wake. Msimu wa mvua, baridi ya kule milimani, mdogo wake akashikwa na malaria, anatetemeka. Yeye akaingiza mbabula, lile jiko la makaa, akafunga mlango na dirisha ili mgonjwa apate joto. Alfajiri akatoka kuchota maji, kichwa kinamuuma, miguu haina nguvu. Aliporudi mdogo wake hakuamka.

"Watu walisema ni malaria ilimuua. Miye nikanyamaza. Lakini ni miye niliingizaka ile mbabula."

Papa alijua shemeji yake alikufa kwa homa. Basi. Zaidi ya miaka thelathini ya ndoa hakuwahi kusikia zaidi ya hapo.

Fittja hapakuwa na moto ndani ya nyumba, kwa hiyo aliishi salama. Hapa msituni, tangu baridi ya Januari ilipoifanya boiler ingurume mchana kutwa, kila Papa akitoka kwenda kazini, Mama alikuwa anaona kifua kinafunga. Anafungua dirisha moja, halafu la pili, halafu yote. Saa tisa anafunga ili Papa akirudi akute kawaida. Kila siku ya kazi.

"Mbona hukumwambia?" nikamuuliza.

"Siku tulipopewa funguo alipiga magoti pale nje akashika udongo. Nitamwambia nini?"

Wakuu, nilikuwa na maneno mengi moyoni siku ile. Huyu mama alikuwa anajua naitwa mwizi kwa sababu ya madirisha yake. Lakini ukimwona vile alivyokaa na makoti yale, hasira inakosa pa kushika.

Nikamwambia, "Mama, mimi sitasema. Hili ni lako. Lakini nakuomba useme mwenyewe, kwa sababu mimi nina nyumba ya kulisha."

Akaitikia kwa kichwa. Siku zikapita. Hakusema.

Papa akaandika malalamiko ya pili, makali kuliko ya kwanza. Bosi wangu ni mama wa Kiswidi, mtu wa haki, lakini safari hii akaniambia anakaa na wakubwa wake Ijumaa, na mpaka hapo nisiguse lori. Nikapewa kazi ya kuosha matangi kwenye yadi ya kampuni, ambayo nayo iko Jordbro.

Nilipomweleza mke wangu ukweli alinijia juu. "Unamfichia mtu siri na wewe unapoteza kazi? Yeye ni mama yako?"

Mara mbili nilishika simu nimpigie Papa. Mara mbili nikaiweka chini. Nilikuwa naona ningepata kazi yangu na kumvunja yule mama kwa siku moja.

Alhamisi asubuhi niko na mpira wa maji mkononi, nikaona mtu anaingia getini polepole, anatembea kwa kuogopa barafu. Ni Mama Amani. Alikuwa amesikia kwa Papa kwamba nimenyang'anywa lori, akapanda mabasi mawili peke yake, na mgongo wake mbovu. Hakunisalimia. Alipita moja kwa moja kwenda ofisini, nami nikamfuata na mabuti yangu yenye maji.

Akasimama mbele ya bosi, akasema kwa Kiswidi chake cha taratibu, neno moja moja:

"Huyu hajaiba. Mimi nafungua madirisha. Mimi naogopa."

Kisha akalia. Bosi akazunguka meza, akamkalisha, akamshika mkono. Hakumuuliza chochote. Baadaye akanipa funguo za gari dogo la kampuni: "Mrudishe kwake. Kesho unaendesha lori lako."

Njiani Mama aliniomba nimsubiri ndani mpaka Papa arudi. Aliogopa kubaki peke yake na hilo neno.

Papa alipoingia na kunikuta mezani kwake, uso ulibadilika. Kabla hajafungua mdomo Mama akaanza. Alimwambia yote, kuanzia madirisha akirudi nyuma mpaka Bukavu. Aliongea amesimama, kama mtu anayetoa ushahidi.

Papa akaenda chumba cha nyuma, nikasikia boiler inazimwa. Nyumba ikawa kimya kabisa. Akarudi na koti la mkewe, akamvika, akafunga vifungo kimoja kimoja, akakaa karibu naye.

"Ungeniambia ningenunua nyumba ingine," akasema. "Ama tungebakia Fittja na ile kelele yote."

"Ulikuwa unafurahi."

"Miye nilidhani tunafurahi wawili."

Nilitoka nje kidogo niwaachie nafasi. Papa aliponifuata alikuwa ameshika kofia mkononi kwenye baridi ile.

"Mwanangu, nimekuchafua mbele ya watu. Nitakusafisha mbele ya watu."

Jumapili alisimama kanisani wakati wa matangazo, mzee mzima, akataja jina langu na akasema alinisingizia na anaomba radhi. Kwa nini gesi iliisha hakusema. Alisema tu kosa lilikuwa la nyumbani kwake. Mke wangu alilia tena, ila safari hii alikuwa anashika mkono wangu.

Boiler waliiwasha tena, maana bila hiyo mabomba ya maji yangepasuka. Fundi aliwawekea kengele inayolia ikitokea hewa ya sumu, ile ile inayotoka kwenye jiko la makaa, na akamtoa Mama nje akamwonyesha bomba linavyovuta hewa safi na kutoa moshi nje. Alisaidika, lakini si sana. Mtu aliyeogopa kwa miaka yote hiyo haponi kwa kuelezwa bomba. Dirisha moja la chumba cha kulala lilibaki wazi kama upana wa kidole mpaka Aprili, na Papa alilipa gesi ile bila kufungua daftari.

Majira ya joto walichukua mkopo wakafunga pampu ya joto, ile inayotumia umeme, haina moto ndani. Tangi likang'olewa. Nimepoteza mteja, ila nikipita njia ile bado nasimama.

Nilichojifunza, wakuu. Ukinunua nyumba ya mashambani huku, swali la kwanza kabla ya ardhi na mandhari ni inapashwa joto na nini. Na nyumbani kwako kitu kikipotea na hesabu hazikubali, anza kwa kumuuliza mtu mliye naye kama yuko sawa. Muulize taratibu, umkaribie. Mwizi utamtafuta baadaye.

Mlioishi na gesi au kuni huku ughaibuni, semeni mlivyovuka baridi, kuna watu wanaotaka kununua nyumba wanasoma hapa.

Na Mama Amani alikubali niandike kwa sababu moja tu. Kwenu mlioko Bukavu, Limuru, Njombe na kila mahali penye baridi: usiku wa leo, kabla hamjalala, toeni jiko la makaa nje. Hata kama kuna mgonjwa anatetemeka. Mfunikeni blanketi, laleni naye mumkumbatie, lakini jiko litoke. Mdogo wake aliitwa Noëlla. Alikuwa na miaka kumi na moja.